Mkono Aliouchora Binti Yangu

Kazi yangu ilikuwa kuimba, kisha kunyamaza. Kila Jumamosi alasiri niliimba nyimbo tatu, nikawatania wanaume wa mstari wa mbele mpaka wake zao wakashika mbavu, halafu nikavua joho na glavu, nikasimama juu ya meza mabega na mikono wazi, dakika kumi bila kutikisika. Hapo watazamaji wenyewe walichukua vijiti vya makaa wakanichora. Mwisho Mwenye Ukumbi alitandaza karatasi zote sakafuni, akachagua moja ya kutundika ukutani.

Wengi hawakujua kuchora. Walinipa kiuno ambacho sijawa nacho tangu nizae. Niliwapenda kwa hilo, sifichi.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa na miezi minne ukitetemeka, na daktari alishaniambia hautapona. Sikumwambia mtu. Mwenye Ukumbi alikuwa na sharti moja tu, anayesimama juu ya meza atulie, na mwenzangu aliyenitangulia aliondolewa kwa sababu ya kikohozi. Basi nikawa naubana mkono kiunoni, najikaza kisabuni, na mwezi baada ya mwezi hakuna aliyegundua.

Ndipo binti yangu, anayesomea uchoraji, akasema anataka kuja kuniona kazini. Ningemkatalia vipi? Mimi ndiye niliyemfundisha. Alipokuwa na miaka sita alinichora jikoni na vidole vitano vilivyotanuka, na mimi nilikuwa nimekunja ngumi. Nikamwambia, "Chora unachokiona, mwanangu, usichore unachokijua." Nililirudia hilo mpaka likamwingia kichwani.

Alikaa upande wa kulia. Watazamaji wengine walitazama wanapotazama siku zote. Yeye jicho lake lilishuka begani, likafika mkononi, likakaa hapo. Nikamkonyeza aache. Hakuniona. Alikuwa kazini.

Karatasi zilipotandazwa, Mwenye Ukumbi alisimama mbele ya ile ya binti yangu. Bega lilikuwa langu, tumbo langu, hata goti lililochoka. Mkono wa kulia ulikuwa na vidole vilivyochorwa mara tatu, vimepandana. Akauliza kama mchoraji amekosea.

"Hapana," binti yangu akajibu, kwa fahari ya mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua. "Haukutulia hata kidogo. Nimeuchora ulivyokuwa."

Kisha akanitazama usoni, akaelewa alichosema. Kijiti kikamponyoka. Mwenye Ukumbi aliitundika ile picha, watu wakapiga makofi, nami nikainama kuwashukuru.

Jumatatu aliniita ofisini akaniongelesha kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Sasa juu ya meza anasimama mwingine. Mimi nachana tiketi mlangoni, kwa mkono wa kushoto. Wageni wakiniuliza yule wa ukutani ni nani, nasema simjui.

Binti yangu aliniomba radhi akilia. Nilimwambia hajakosea kitu. Ni kweli hajakosea, na bado sijamsamehe.

Wiki iliyopita alileta karatasi jikoni, akaniomba nikae anichore tena kama zamani. Nikamuuliza huo mkono ataufanyaje.

"Nitauchora utakavyo, mama," akasema, huku ameinamisha macho.

Nikakaa. Akauchora umetulia kabisa, mzuri, wa mtu mwingine.