Bamba la Kumi na Saba

Nimewadanganya watu wengi wa Rumonge na wote wanajua. Niliwaambia kwamba niliwahi kunasa redio ya Kigoma kwenye jino la samaki sangala, wakacheka, wakaniagizia chai. Hakuna aliyeumia. Kaoutar ndiye wa kwanza kuumia, na yeye sikumdanganya kwa mdomo.

Alisomea ng'ambo, akarudi na tanuri dogo la umeme, akaliweka kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya mama yake. Kazi yake ilikuwa kuchoma vibamba vya shaba mpaka vipate ganda jekundu, oksidi ya shaba. Ganda hilo halipitishi umeme ovyo kama waya, wala haliuzuii kama ubao. Liko katikati, na likipigwa na jua linatoa umeme kidogo. Mimi nilitengeneza redio miaka arobaini bila kukanyaga shule ya ufundi, kwa hiyo nilimwelewa kuliko jirani yeyote. Ndiyo maana aliniamini.

Siku aliyokwenda mazishini Gitaza, bamba la kumi na saba lilikuwa ndani ya tanuri. Aliniambia nisiondoke, lipoe polepole, na kila dakika kumi niandike joto kwenye kaye, daftari lake la vipimo. Niliandika mara mbili. Halafu nikasikia vicheko kwa Anastasie, jirani anayechemsha mawese, nikaona hadithi moja haitaharibu kitu. Niliporudi umeme ulikuwa umekatika na tanuri limepoa. Kwa hofu nikalichukua bamba kwa koleo, nikalichomeka kwenye moto wa Anastasie, moto wa maganda ya mbegu za michikichi usio na huruma na sufuria, kisha nikalitumbukiza mahali lipoe. Nikalirudisha. Nikakaa, nikajaza kaye namba zinazoshuka kwa adabu, kama watu wanaotoka msikitini.

Bamba lile lilitoa umeme mara tano ya mengine. Profesa wake wa ng'ambo alifurahi, likakatwakatwa kwa vipimo, matokeo yakachapishwa na jina la Kaoutar mbele.

Mwaka ukapita. Jumatatu moja barua ya profesa ikaja: labo tatu za utafiti zimefuata namba zile, hazikupata kitu. Kaoutar atume vipimo vya mabamba mengine matatu kama lile kabla ya Ijumaa. La sivyo andiko litafutwa, na ile nafasi ya kazi aliyoahidiwa asiitegemee.

Alichoma usiku na mchana, akifuata namba zangu moja baada ya nyingine. Jumatano nilimkuta sakafuni, vidole vimebabuka, anazisoma kwa sauti kama dua. Nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza.

Alicheka. "Mzee Mbaraka, leo hapana. Kesho utaniambia sangala alikuja kupuliza moto."

Nikamwomba amuulize mama yake kama siku ile umeme ulikuwepo. Aliingia ndani, akarudi uso umekauka. Hakunifokea. Aliketi na kalamu.

"Sawa. Ilikaa motoni dakika ngapi?"

Sikukumbuka tena. Hadithi ile nilikuwa nimeisimulia ufukweni mwaka mzima, na watu waliicheka kama porojo zangu nyingine. Siku nyingine bamba lilikaa motoni kwa muda wa rakaa mbili, siku nyingine saa nzima. Nililitumbukiza kwenye maji, au kwenye mawese yanayochemka, au kwenye maji ya majivu ya kupikia sabuni. Zote naziona mbele ya macho yangu, na zote zina moshi.

Tukamwita Anastasie. Akajibu bila kusita kwamba ilikuwa mawese, hata nikaruka nyuma kama mbuzi. Kaoutar akamuuliza kama aliona kwa macho yake. Hapana, alikuwa amegeukia sufuria. Hiyo ya mbuzi ni mimi niliyemwambia.

Alhamisi tulichoma mabamba kumi na moja kwenye moto wa Anastasie. Maji, mawese, majivu. Moja lilitikisa sindano ya mita, kisha sindano ikalala.

Ijumaa asubuhi akafungua kompyuta.

"Niambie kitu kimoja tu, mzee. Kimoja chenye iko kweli. Usipambe."

"Niliacha tanuri."

"Na namba?"

"Kutoka ya tatu, ni za kichwani mwangu."

Akaandika hivyo hivyo. Nikamsihi aweke jina langu, lawama inifuate mimi. Akakataa.

"Namba zangu mwenyewe siku zote iko mbaya mbaya, zinapanda, zinashuka. Zako zilikuwa nzuri. Nikazipenda, sikuuliza."

Jibu lilikuja kabla ya adhana ya mchana. Andiko limefutwa. Profesa anamshukuru kwa ukweli. Kuhusu kazi, hata neno.

Akafunga kompyuta, akaniomba nisirudi tena kibandani. Alisema kwa upole, akanisindikiza mpaka barabarani, kama mgeni.

Nikabaki nimesimama nje ya ua. Nikamsikia akimwomba Anastasie amwachie moto kila asubuhi, kabla ya mawese. Anastasie akauliza kwa muda gani. Kaoutar akasema hajui.