Mguu wa Bondeni

Uwanja wenyewe ukiuona utacheka. Umechongwa ubavuni mwa mlima, juu ya Lushoto kwenye njia ya Mlola, na waliouchonga sijui walikuwa na haraka gani, maana upande wote wa kushoto umelala kuelekea bondeni. Goli ni moja tu. La pili lilianguka siku nyingi, na nguzo yake imebaki ya kufungia kamba ya kuanikia nguo za bweni la shule. Mpira ukitoka kushoto, basi tena, kuna mtu atashuka kuufuata hadi kwenye migomba ya watu.

Hapo ndipo Mwanamwema alipojifunza mpira wa kikapu, na hapo ndipo aliporudi kufundisha. Katikati kuna Dar es Salaam, klabu kubwa, jezi ya taifa, picha gazetini, na goti la kushoto lililokatika mbele ya umati likakataa kupona. Kocha wake wa huko, mzee Mansuri, alimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nenda kafundishe. Maneno matamu hayo, ukiyasema na magoti yako mazima.

Basi amefundisha. Jua, ukungu, mvua ya kule isiyojua kukatika, yeye yuko pale na filimbi shingoni, na asubuhi ameshapalilia karoti za mama yake. Amechoka, jamani. Amechoka mpaka filimbi anaiona nzito. Kilichomshikilia ni nadhiri aliyoiweka moyoni: nikimtoa binti mmoja tu mlimani hapa, akafika nilikofika mimi, nitaketi nipumzike.

Binti akapatikana. Saumu, wa kidato cha tatu, mtoto wa wakulima wa kabichi wa Mlola. Mpira ukimfika huyo mkononi, umefika kwao. Mwanamwema akampigia simu Mansuri, na mzee akasema atakuja Mombo kwenye fainali ya shule amtazame. Klabu yake ilikuwa na nafasi moja, na atakayeipata angelipiwa masomo hadi amalize. Moja tu, haina ya pili.

Mombo joto, na uwanja wake ni saruji iliyonyooka kama meza. Mansuri alikuwa ameketi nyuma ya benchi lao, kofia mapajani, nywele zote nyeupe sasa.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, mwanangu. Goti vipi?"

"Niwedi," alijibu Mwanamwema kwa Kishambaa, yaani mzima tu.

Ndivyo tulivyo sisi watu wa mlimani. Huulizwi hali ukajibu mbaya, ni kukosa adabu. Hata mwenye maiti ndani ataitikia niwedi, na salamu zikiisha ndipo atakwambia kuna msiba. Shida ni kwamba mchezoni salamu haziishi.

Mechi ikaanza, na mabinti wa mlimani wakaanza kuyumba. Miili yao ilizoea mteremko, sasa mteremko haupo! Watu wakawacheka. Lakini Saumu alipoizoea saruji akawanyamazisha, akafunga huku na huku, hata robo ya mwisho timu yake ikawa nyuma kwa pointi mbili tu. Mzee Mansuri alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi.

Ndipo Saumu akaruka, akafunga, akatua kwa mguu wa kushoto. Akainama, akapandisha soksi.

Mwanamwema akautazama mkono ule. Wiki nzima alikuwa ameiona soksi ile ikipandishwa, akadhani ni maringo ya kisichana. Maringo gani! Hata yeye mwenyewe enzi zake aliipandisha soksi hivyo hivyo. Mtu wa kwao hawezi kushika goti mbele za watu, kwa hiyo anapandisha soksi, na mkono ukipita pale unabonyeza panapouma.

Akawatazama wengine. Kila aliyeruka alitua kwa kushoto, utadhani bonde limewafuata hadi Mombo. Goli moja, mteremko mmoja, mguu mmoja. Miaka yote amelaumu bahati yake, kumbe ni ule uwanja, na kwenye uwanja ule ule amewalea watoto wa wenzake.

Akaomba muda. "Saumu, goti vipi?"

"Niwedi, kocha."

"Simamia huo wa kushoto, uruke."

Binti hakuruka. Alimtazama Mansuri, akamrudia kocha wake, macho yakimsihi. "Mimi mzima, wallahi."

"Mwache amalize, Mwanamwema," mzee alisema kwa nyuma. "Dakika zenyewe kiduchu. Nataka nimwone mwisho."

Mwache amalize. Msidhani Mwanamwema alikuwa malaika. Alitaka kumwacha. Alilitaka pumziko lake, alitaka mtu amwambie umeshafanya yako, kalale. Alisimama pale hadi refa akapuliza kuwaita.

"Kaa chini, Saumu," akasema. "Efrazia, ingia."

Walifungwa, tena vibaya. Mzee Mansuri akavaa kofia yake, na kabla hajavuka kwenda kuongea na msichana mmoja mrefu wa timu ile nyingine, akasimama mbele ya Mwanamwema.

"Umempotezea mtoto bahati yake."

"Kocha, siku ile lilipokatika, kabla sijaingia uliniuliza goti vipi, nikakwambia zima. Uliniamini?"

Mzee akaangalia saruji. "Hapana," akasema. "Nilikitaka kile kikombe." Kisha akaenda zake, na nafasi ile moja ikaenda naye.

Saumu alikuwa analia benchini, kitambaa cha jezi mdomoni. Mwanamwema akanunua barafu za ubuyu kwa muuzaji aliyekuwa getini, zile za kwenye vifuko, akapiga goti kwa taabu mbele ya binti, akamwekea moja gotini.

"Umeniharibia maisha, kocha."

Mwanamwema alishika benchi ili anyanyuke, goti likalia kama kuni kavu, akakunja uso. Saumu akaacha kulia, akamtazama.

"Kocha, lako linauma?"

Mdomo ulishaanza kuitamka ile niwedi. Akairudisha.

"Linauma."

"Siku zote?"

"Siku zote. Shambani linauma, kitandani linauma. Hata kusujudu siwezi tena, naswali kwenye kiti kama bibi kizee."

Saumu akashusha soksi polepole. Goti lilikuwa limevimba. "Langu lilianza Ramadhani," akasema kwa sauti ndogo. "Usimwambie mama."

"Mama yako nitamwambia leo hii."

Mwanamwema akaketi kando yake, akapandisha suruali, akaweka kifuko cha pili cha barafu kwenye goti lake lenye makovu, mbele za watu wote wa Mombo. Muuzaji wa barafu alitazama, refa alitazama. Watazame. Alikuwa amechoka hata kuona haya.

"Jumatatu waambie wenzako waje na majembe," akasema. "Tunausawazisha ule uwanja."