Mtu wa Njau Kwenye Kompyuta

"Mama Muna, kweli utampa Njau chumba cha marehemu mumeo aweke michezo ya kompyuta?" Idah, jirani yake hapo mtaani Landless, alikuwa amemuuliza.

Kwa hivyo Mama Muna akaenda kwa Njau kujionea michezo hiyo, ufunguo wa chumba mkononi, akakataa hata kiti.

"Mchezo huu bado haujafika madukani, mama," Njau akasema. "Nimeletewa kionjo tu, cha kujaribu. Unachagua mtu, unampa jina, anaenda kupigana huko kwenye nyota."

"Na akiuawa?"

"Anafufuka, mnaendelea!" Njau akacheka. "Wako huyu hapa. Nimemwita Sele, tumkumbuke mzee wako."

Kwenye kioo, Sele akapigwa, akaanguka, akainuka.

Miaka minne Mama Muna alikuwa akimwombea mumewe kila alfajiri apumzike kwa amani. Akaufumbata ufunguo, akatoka nao.