Sombe Bila Chumvi

Katika nyumba ya mama mkwe wangu hapa Kasongo, mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi mboga ya watu. Anapika, kisha mwingine anatia. Mimi nilikuwa nimetia chumvi miaka mitatu bila kupumzika, na kopo lake nililichukia kabisa.

Siku zangu zilikatika, matiti yakatoa maziwa bila mtoto. Daktari wa Bukavu aliyenipima kichwa alisema ni kinundu chini ya ubongo, kinamwaga homoni ya maziwa kana kwamba nyumbani kuna mtoto mchanga. Akanipa vidonge vinavyokwenda kwenye chembe za kinundu chenyewe na kuziamuru zinyamaze.

Mama mkwe, Mama Rosine, hakuviamini. "Odile, mwezi hii ikipita bure, dawa hii naitupa ku mto Lualaba. Tutaenda kwa maombi." Mume wangu Hervé, ni dereva wa pikipiki njia ya Salamabila. Shujaa wa barabara, mbele ya mama yake hana mdomo.

Maziwa yalikauka kwanza. Halafu jana asubuhi, chooni, nikaona damu. Jamani! Niliruka nikagonga kichwa kwenye bati, nikacheka peke yangu mpaka kuku wakatawanyika. Lakini mambo hayo hayatangazwi. Basi nikapika sombe, majani ya muhogo, kwa samaki wa Nyangwe, nikaandaa, na kopo la chumvi nikaliweka kando, limefungwa.

Hervé alionja, akakunja uso. "Umesahau chumvi?"

"Sikusahau. Chumvi iko pale. Mutu mwingine atie."

Tonge la Mama Rosine lilibaki hewani. Akanitazama. Nilijitahidi kukaza uso, kicheko kikanitoroka. Akapiga vigelegele, akanikumbatia kwa mikono yenye sombe, blauzi yangu ikawa kijani yote. Hervé akanyoosha mkono kuchukua kopo, mama akauchapa.

"Acha! Leo tunakula vile iko!"

Ilikuwa mbaya kweli. Tuliimaliza.

Kisha Mama Rosine akaingia chumbani kwangu, akatoka na pakiti ya vidonge. Nikakumbuka Lualaba. Akaifunga katika pembe ya kikwembe chake, anapofungia vitu vyake vya thamani.

"Dawa hii nitachunga mimi. Na chumvi, juma hii natia mimi," alisema, macho yamejaa machozi. "Halafu, mutoto yangu, Mungu akipenda, utatia wewe miezi tisa."