Adabu Niliyomfundisha Mpwa Wangu

Mimi ndiye niliyemfundisha mpwa wangu kuongea kijinga. Naanza na hilo ili asije mtu akanifanya shujaa wa habari hii.

Mpwa wangu ni binti wa dada yangu mkubwa. Nyumbani tunamwita Redio tangu ana miaka minne, kwa sababu alikuwa akiamka anaongea na analala anaongea. Ana sauti nzito kama ya mama yake. Akikuita kutoka uani, unaacha unachofanya. Alisomea mitambo miaka miwili, akafaulu vizuri, kisha akakaa nyumbani mwaka mzima bila kazi. Nikamwombea kwenye jengo tulilokuwa tunajenga, akapewa winchi, ile mashine inayopandisha ndoo kubwa ya zege kwenda ghorofani. Mimi ni fundi nondo. Nimefunga nondo miaka ishirini na saba, na shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo sitapamba maneno.

Siku moja kabla ya kuanza nilimkalisha kwenye kochi la mama yake.

"Kule ni kwa wanaume," nikamwambia. "Mwanaume hapendi kuamrishwa na mwanamke. Ukitaka kitu, omba. Anza na samahani. Ukiona kosa, usiseme ni kosa, sema labda wewe ndiye hujaona vizuri. Na hiyo sauti yako ipunguze."

"Niipunguze niipeleke wapi, mjomba?"

"Ifanye ndogo. Na ukimaliza kusema, cheka kidogo."

Dada yangu alikuwa pembeni anakunja nguo. "Kwa hiyo nimemsomesha ili akaongee kama mgonjwa," akasema.

"Dada, naijua ile kazi."

"Kazi unaijua, kaka yangu. Mtoto humjui."

Sikumsikiliza. Nilikuwa na uhakika, na mtu mwenye uhakika hasikii.

Na kweli kazi naijua. Kwenye jengo letu salamu ni tusi. Mtu hasemi nipe nyundo. Anasema, "We mbuzi, nyundo iko wapi?" na mbuzi anacheka, analeta nyundo. Msimamizi wetu tulimwita Filimbi kwa sababu ya filimbi aliyoning'iniza shingoni, na kwa matusi alikuwa bingwa. Siku moja alimwita mhandisi mbuzi mbele ya mwenye jengo, watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi mwenyewe naitwa Koleo, lakini nikichelewa kidogo tu, naitwa mbuzi mzee. Mbuzi lilikuwa jina la pili la kila mtu pale. Nikisema kila mtu, nina maana kila mwanaume.

Redio akaja na adabu niliyompa. Miezi minne akaongea kwa kijisauti chembamba ambacho sijui hata alikitoa wapi. Samahani kaka. Samahani bosi. Sijui kama nakosea. Wiki ya pili tu akapewa jina: Dada Samahani. Seremala wetu alikuwa akishika kifua, anakunja shingo, anaigiza: "Samahani jamani, sijui kama hii ni mvua au ni macho yangu!" Tulicheka. Nilicheka na mimi. Redio naye alicheka, kama nilivyomfundisha.

Jumatatu ya wiki ninayotaka kuisimulia, alishuka kwenye winchi akamfuata Filimbi. Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, nafunga nguzo.

"Samahani bosi. Labda mimi ndiye sioni vizuri, lakini naona kama waya wa winchi umeanza kufumuka kidogo." Akacheka.

"Kinachofumuka ni nywele zako, dada," Filimbi akasema. "Kasuke."

Watu wakaangua kicheko. Redio akarudi kwenye mashine yake.

Jumanne akaja tena. Samahani, sijui, labda, naomba. Nyuzi tatu za waya zimekatika, kama anahesabu sawasawa. Filimbi akamwambia aupake mafuta. Mtu mwenye akili anajua kwamba waya uliokatika haupakwi mafuta, unatolewa. Nami nina akili. Lakini nilisikia ile sauti ndogo na kile kicheko mwishoni, nikajiambia, kama lingekuwa jambo kubwa, si angelisema kama jambo kubwa? Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu, mimi niliyemkataza kusema hivyo.

Jumatano, saa nne asubuhi, ndoo ilikuwa imejaa zege na imefika usawa wa ghorofa ya pili. Chini yake tulikuwa watu saba, tunachambua nondo zilizokuwa zimepitana: mimi, vibarua watano, na Filimbi akitusimamia. Ndoo ikasimama hewani.

"Samahani jamani," tukasikia kutoka kwenye winchi. "Naomba kama mngesogea hapo kidogo..."

Filimbi hata hakuinua kichwa. "Dada Samahani, pandisha mzigo!"

"Bosi, naomba..."

"Pandisha!"

Halafu ikaja sauti ya nyumbani kwao, ile nzito, ya uani.

"We mbuzi, toka hapo chini! Tokeni wote, wapumbavu nyinyi!"

Miguu yangu ilikimbia kabla sijaelewa. Ya wenzangu pia. Filimbi alirukia upande wangu, tukaangukiana. Waya ukakatika, ndoo ikatua pale pale alipokuwa amesimama, zege likaturukia mgongoni, na nondo za unene wa kidole gumba zilikuwa zimejikunja kama mishumaa juani. Hakuna aliyepata hata mchubuko wa maana. Tulilala pale tunahema.

Mnajua neno la kwanza Filimbi alilosema alipoinuka? Hakuuliza kama tuko wazima. Alijifuta zege usoni, akasema, "Nani ameniita mbuzi?"

Alasiri aliniita kwenye kontena tuliloligeuza ofisi. Akanipa kiti. Sijawahi kupewa kiti mle.

"Mzee Koleo, mpwa wako hana adabu," akasema kwa upole kabisa. "Amemtukana kiongozi mbele ya wafanyakazi. Barua ya kumfukuza imeshaandikwa, hii hapa. Mimi sitaki makubwa. Kesho asubuhi, mbele ya wote, aombe radhi. Asipoomba, kazi basi. Wewe ndiye mkubwa wake, kamwelekeze."

"Na waya?"

"Waya umebadilishwa mchana huu. Hilo ni jambo jingine."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtu huyu alitukana watu tangu asubuhi mpaka jioni, siku sita kwa wiki. Lakini nilisema nini? Nilisema, "Sawa, nitaongea naye." Nikainuka kwenye kile kiti, nikaenda.

Nilimkuta Redio uani, anakwangua zege kwenye buti kwa kisu cha zamani. Mama yake alikuwa mlangoni. Nikatoa ujumbe wangu. Kwamba kazi ni ngumu kupata. Kwamba neno radhi halivunji mfupa. Kwamba mwenye busara hujishusha.

Redio akaweka kisu chini. Akanitazama, akatoa kile kijisauti chembamba.

"Samahani mjomba. Labda mimi ndiye sielewi vizuri, lakini niliona kama mnataka kufa kidogo." Akacheka kidogo mwishoni.

Sijawahi kupigwa kofi likaniuma kama lile.

"Jumatatu nilisema," akaendelea kwa sauti yake mwenyewe. "Jumanne nikasema tena. Kwa adabu yako. Ulikuwepo, mjomba. Ulicheka. Siku niliyosema kama mtu, mkasikia wote saba, mkakimbia. Sasa niombe radhi ya nini? Ya kusikika?"

"Mwambie," dada yangu akasema kutoka mlangoni. "Si wewe unayeijua ile kazi?"

Nilirudi kwangu damu inanichemka, na njia nzima nilikuwa namtukana Filimbi kimoyomoyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujitukana mimi.

Asubuhi mashine ya kuchanganyia zege ilishaanza kuzunguka tulipokusanyika. Sakafu ya ghorofa ya tatu ilikuwa imebaki nusu, na zege likishachanganywa halimsubiri mtu. Filimbi akapuliza filimbi.

"Kuna dada ana neno la kusema."

Redio akatoka mbele. Akakunja mikono. Hakusema kitu.

"Tunasubiri," Filimbi akasema.

Mashine inazunguka. Seremala akaanza kukunja shingo, tayari kuigiza. Filimbi akatabasamu, akachungulia saa yake, akasema kwamba yeye ana siku nzima. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Sikupanga kitu. Nilifungua mdomo tu, na likatoka lililozoea kutoka.

"We mbuzi! Utatuweka hapa mpaka zege ligande?"

Kicheko! Watu wakapigana mabega. Filimbi mwenyewe akacheka mpaka filimbi ikamruka kifuani. "Koleo leo ameamka na njaa!" akasema.

Nikamwona Redio. Yeye peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri mjinga amalize kuhesabu vidole vyake. Na mimi, mjinga, nikamaliza.

"Filimbi," nikasema. "Nimekuitaje?"

"Aa, mzee, acha utani."

"Nimekuuliza. Nimekuitaje?"

"Mbuzi." Bado anacheka.

"Mbele ya wafanyakazi?"

Kicheko kikaanza kumkauka.

"Basi niandikie barua na mimi," nikasema. "Ile ya mpwa wangu badilisha jina tu. Neno ni lile lile. Na andika hivi: yeye alikuwa anakuokoa roho. Mimi nimekutukana kwa sababu sikupendi."

Kibarua mmoja, mtu mzima mwenye watoto watano, aliyekuwa nasi chini ya ndoo, akasema, "Kweli lakini." Mwingine akaguna. Seremala akanyoosha shingo yake, akatazama viatu.

"Wewe ni mtu mzima, Koleo, wewe unatania," Filimbi akasema. "Yeye ni mwanamke, hawezi..."

"Hawezi nini? Malizia."

Hakumalizia. Fundi wa mashine akapiga kelele kwamba zege limeshakuwa tayari, likikaa tutalivunja kwa nyundo. Filimbi akanigeukia mimi, si Redio.

"Mwambie mpwa wako apande kwenye winchi."

"Ana masikio. Mwambie mwenyewe."

Alivuta pumzi puani. Akatazama ukuta uliokuwa nyuma ya Redio. "Panda," akasema.

"Barua," Redio akasema.

"Barua gani?"

"Ile iliyoandikwa. Niipate kwanza mkononi, ndiyo nipande."

Hakusema samahani. Hakusema naomba. Hakucheka. Filimbi akamtuma mtunza stoo kwenye kontena, na zege likazunguka, na sisi sote tukasimama tukisubiri karatasi moja. Ilipoletwa, Redio aliisoma yote, taratibu, mstari kwa mstari, akaikunja akaitia mfukoni. Akapanda. Hakuna mtu aliyemwomba radhi wala kumshukuru, wala siku ile, wala baadaye.

Mchana nilichukua bakuli langu la chakula nikakaa karibu naye kwenye rundo la mbao. Nilikuwa nimevimba kichwa kidogo, sitaki kudanganya. Nilisubiri aseme kitu. Akala. Nikaona nimsaidie kuanza.

"Si umeona? Tumemweza."

Akatafuna mpaka akameza.

"Mjomba, unataka nikushukuru?"

"Aa, sijasema hivyo."

"Jumatatu nilisema waya unakatika. Hakuna aliyesikia. Jana niliwaokoa watu saba. Nikaandikiwa barua. Leo umesema wewe, neno moja, kwa hasira zako tu, na dunia nzima ikasikia. Sasa niambie. Kesho wewe ukiwa unaumwa, upo kwako umelala, mimi nikiona waya mwingine, nimtafute mwanaume gani aniazime mdomo?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Akainua mkono.

"Usinielekeze. Nimekuuliza."

Akainuka, akasuuza bakuli lake bombani, akarudi kwenye mashine. Mimi nikabaki na chakula kinapoa. Sikuwa na jibu siku ile. Jengo limeisha, wenyewe wamehamia, mapazia yananing'inia madirishani, na bado sina. Na kila nikisikia mwanamke anaanza neno na samahani mahali ambapo hana kosa, hasira inanipanda upya, na sijui pa kuipeleka, kwa sababu nusu yake ni yangu mwenyewe.