Pembe ya Fundo Moja

Nilikuwa mtu wa hasira, na sitaki kuanza hadithi hii kwa kujipamba. Mwaka wa 1953, pale Ngungu, hapakuwa na fundi wa visu vya kukunja aliyenizidi mimi, Straton, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo. Makali niliyafua kutoka kwenye springi za lori bovu. Mpini niliuchonga kwa pembe ya ng'ombe, nikaupasua mfereji katikati ili kisu kilale humo kikikunjwa. Kikifunguliwa kilisema tak. Watu wa Muheto walitembea nusu siku kuja kuisikia hiyo tak.

Siri ya kazi ilikuwa kwenye kukausha pembe. Pembe mbichi ikiloa huvimba, mfereji ukabana, na kisu kikawa kama mdomo wa maiti. Kwa hiyo tulizitundika juu ya mafiga, kwenye moshi, na mafiga ni ya mwanamke. Kila msimu wa mvua ulipokwisha, mke wangu Nyiramana alifunga fundo moja kwenye kamba ya kila pembe. Mafundo matatu, pembe tayari. Hakuwahi kukosea.

Mwezi wa tatu mwaka ule, Karangwa, mume wa mdogo wangu Emérita, aliniomba kisu. Alikuwa akichunga ng'ombe wa maziwa wa Bwana Ndevu, mzungu mwenye shamba la pareto. Nikainua mkono juu ya mafiga nikashika pembe moja kati ya pacha wawili wa ng'ombe mmoja, nyeusi yenye mishipa myeupe, nzuri kupita zote.

"Papa Isidore, acha ile," Nyiramana akasema, akiniita kwa jina la mwanetu. "Iko na fundo moja tu."

Siku nyingine ningemsikia. Lakini mlangoni walikuwa wamekaa wageni wawili, na kiburi changu kilipenda wageni.

"Nani iko fundi hapa?" nikamuuliza.

Akageukia chungu chake. Nikaikata kamba, na pacha mwenzake akabaki ananing'inia peke yake.

Wiki tatu baada ya kumpa Karangwa kisu chake, asubuhi, Emérita alifika kwangu mbio, mimba ya miezi saba mbele yake, kichwa wazi bila kitambaa.

"Kaka, wamemufunga Karangwa! Ng'ombe ya muzungu ilikufa jana, wanasema yeye njo aliiua!"

Niliacha patasi chini nikamfuata. Nyiramana naye akafunga mtoto mgongoni akaja nyuma yetu.

Uani kwa Bwana Ndevu, Karangwa alikuwa amekalishwa chini, mikono imefungwa kamba. Mdomo umevimba, na jino moja la mbele limevunjika katikati. Nilipoliona lile jino, nikajua limevunjikia kwenye kisu changu. Sikuhitaji kuelezwa neno.

Barazani alikaa bwana wa Leta, mzungu wa serikali, aliyekuwa kwenye safari yake ya kupita vijijini. Léopold, kapita aliyesimamia wachungaji na vibarua wa shamba, alieleza shauri. Jana ng'ombe bora wa maziwa alikula majani yenye maji ya mvua, tumbo likajaa upepo. Kila mchungaji anajua dawa yake: unachoma kisu ubavu wa kushoto, upepo unatoka, ng'ombe anasimama. Karangwa hakuchoma. Basi alikuwa amelala usingizi.

"Sikulala, Bwana," Karangwa akasema, na hewa ikapita kwenye pengo. "Kisu njo ilikataa kufunguka. Mvua ilikuwa inaninyeshea tangu asubuhi. Nilivuta na kucha, nikavuta na meno, mpaka jino ikavunjika."

Kisu changu kilikuwa mezani. Usiku kucha Léopold alikuwa amekiweka kando ya jiko lake, na asubuhi yote kilikaa juani. Bwana wa Leta akakichukua, akaweka ukucha wa dole gumba, akavuta.

Tak.

Kikafunguka kama siku niliyokimaliza. Nilikuwa nikiipenda sauti ile kuliko sauti ya kengele ya Pasaka, na siku hiyo niliichukia.

"Muongo," Bwana Ndevu akasema.

Bwana wa Leta akaanza kuandika. Mwaka mmoja Walikale, kufyeka barabara ya msituni kupita Kibua. Tuliwajua waliokwenda huko. Wengine walirudi, wengine walirudishwa. Emérita akakaa chini pale pale kwenye matope.

Mfukoni mwangu kulikuwa na karatasi ya ufundi, yenye muhuri wa bwana huyo huyo. Mwenye karatasi ile hakuchukuliwa kwenda barabarani. Niliigusa juu ya shati. Niliogopa, nasema wazi, na woga ni wakili hodari: ukaniambia kwamba huenda Karangwa alilala kweli, mbona hata kanisani husinzia? Ukaniambia kwamba pembe ni kitu cha Mungu, nani ajuaye iliyo mbichi na iliyokauka.

Mmoja alijua. Nyiramana alikuwa amesimama ng'ambo ya ua. Hakunikonyeza wala hakukunja uso. Alinitazama mara moja, kisha akatazama chini, kama mtu anayetoka nje ili uvae nguo.

"Bwana," nikasema, na sauti yangu ikanishangaza. "Waleteke beseni ya maji. Kisu ilowe kwanza, njo mutaona."

Léopold akacheka. Nikaeleza habari ya pembe na maji. Bwana wa Leta alinisikiliza, akakunja kisu, akakitumbukiza kwenye beseni, akavua saa yake ya mkononi akaiweka mezani.

"Saa moja," akasema. "Kikifunguka, mtakwenda Walikale wote wawili."

Sijawahi kuona saa ndefu kama ile. Na mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Pembe ile ilikuwa imekaa wiki tatu mfukoni mwa mtu mwenye damu moto, kisha usiku kucha kando ya jiko. Je, kama ilikuwa imekauka? Kikifunguka, sote tumekwisha. Kikikwama, nimekwisha mimi. Nilianza Baba Yetu mara tatu na mara zote nikapotea katikati, kwa sababu sikujua naomba nini. Nzi walimjaa Karangwa mdomoni na hakuwa na mkono wa kuwafukuza. Nikaenda nikawafukuza. Léopold akanirudisha kwa kelele. Karangwa akaniinamishia kichwa kunishukuru, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Wingu likapita juu ya kilima, halikunyesha. Bwana wa Leta akatazama saa, akakitoa kisu, akakifuta kwa leso. Akaweka ukucha. Akavuta.

Makali yakasogea. Mstari mwembamba wa chuma ukaonekana, kama uzi, na Bwana Ndevu akapiga meza kwa furaha. Emérita akaita jina la Maria.

Kisha kikakwama.

Bwana wa Leta akabadilisha kidole, uso ukawa mwekundu, ukucha ukavunjika, akasema neno la Kifaransa ambalo mapadri hawakutufundisha. Bwana Ndevu akamnyang'anya kisu, akakibana magotini, akavuta kwa mikono miwili mpaka shingo ikatoka mishipa. Hakuna. Bwana wa Leta akageuka, akalitazama jino la Karangwa kwa muda mrefu.

"Nani alitengeneza kisu hiki?"

"Ni mimi."

"Ulijua pembe ni mbichi?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi bado. Ningesema sikujua, labda yangeishia hapo.

"Nilijua, Bwana. Bibi yangu, Nyiramana, alinikataza. Nilimukatalia mbele ya watu."

Bwana wa Leta akanyoosha mkono. Nikatoa karatasi yangu ya ufundi, akaichana vipande viwili. Walimfungua Karangwa kamba, na kamba ile ile wakanifunga mimi.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mke wangu, na jino lililovunjika likawa la shemeji. Kwa hiyo miezi kumi niliyohukumiwa Walikale sikuilalamikia sana, na leo sina la kusema juu yake ila kwamba nilirudi na kikohozi.

Siku ya tatu baada ya kurudi, Karangwa alikuja na mwanawe mabegani, msichana aliyezaliwa mimi nikiwa msituni. Akaketi karibu na moto.

"Shemeki," akasema, "unitengenezee kisu."

Nilidhani ananicheka. Hakuwa akinicheka. Nikashindwa kumtazama usoni, nikatazama juu. Yule pacha wa ile pembe alikuwa bado pale, mweusi na mishipa yake myeupe, na kwenye kamba yake nikahesabu mafundo matatu. Mkono wangu ukainuka wenyewe. Nikaushusha.

"Mama Isidore," nikasema, "hii iko tayari?"

Nyiramana akaacha maharagwe yake. Akaitungua, akaibandika shavuni, akainusa.

"Bado," akasema. "Mvua ya mwaka hii ilikuwa mingi."

Karangwa, aliyeijua hasira yangu, akasogeza mtoto nyuma kidogo. Nikaipokea pembe kwa mikono miwili, nikaitundika mahali pake.

"Ulisikia fundi," nikamwambia. "Urudie kisha mvua kuisha."