Sabufa ya Kuweka Darini

Mume wangu aliposema Jumapili twende Yongsan, kwenye maduka ya vifaa vya umeme kule Seoul, tukanunue spika za sinema, nilidhani sijasikia vizuri. Kwa miezi hakuwa ametaka kitu chochote zaidi ya usingizi, na huo usingizi wenyewe hakuupata. Nikavaa koti langu zuri. Nikapaka na rangi ya mdomo, mwanamke mzima wa miaka hamsini na ushee, utadhani naenda kuposwa.

Habari ya huo usingizi ni hii. Mume wangu, Baba Narae, anapanga mizigo kwenye ghala, zamu ya usiku. Anarudi asubuhi watu wengine wakienda kazini, anakunywa supu yake, anafunga mapazia, analala. Ndivyo tulivyoishi tangu kiwanda chake cha zamani kilipofungwa, hapa hapa Bucheon, nje kidogo ya Seoul, katika nyumba hii ya kupanga, na hatukuwahi kugombana na mtu. Halafu vuli iliyopita akahamia mtu ghorofa ya juu yetu. Kila asubuhi, Baba Narae akishaweka tu kichwa kwenye mto: ko! Halafu kitu kinaburuzwa. Ko! Kinaburuzwa tena. Kinakwenda mpaka upande wa dirishani, kinageuka, kinarudi.

Zamani mtu akihamia alipita mlango kwa mlango na keki za mchele, majirani wakamjua sura. Siku hizi tunajuana kwa vishindo. Hatukujua huko juu anakaa mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo. Baba Narae alinunua vizibo vya masikio, akajifunika mablanketi, akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Akampigia simu msimamizi wa jengo. Msimamizi akamwambia mchana ni mchana, mtu ana haki ya kutembea ndani ya nyumba yake. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi mume wangu.

Kisha akasinzia kazini, juu ya mashine ya kunyanyulia mizigo. Vyuma vya mbele vikapita karibu kabisa na tumbo la kijana mmoja, vikamchania jaketi. Bosi wake akamwondoa kwenye mashine, akamwambia ikitokea tena asirudi. Nani atamwajiri mtu wa umri wake? Toka siku ile macho yake yakabadilika. Hata asubuhi zile kelele zilipochelewa, alilala chali akizisubiri, akiitukana dari taratibu, matusi ambayo sikujua kama anayajua. Kwenye habari tunasikia kila mara, fulani kapanda ngazi na kisu kwa sababu ya kelele za jirani. Zamani nilisema watu hao wana wazimu. Msimu ule nilikuwa nafukia kisu cha jikoni ndani ya pipa la mchele kabla ya kwenda kazini kwangu, kupika chakula cha shule.

Sasa mwelewe furaha yangu aliposema, "Yaishe, Mama Narae. Tununue spika, tuangalie sinema kama zamani." Tulipokuwa wachumba hatukukosa sinema Jumapili. Nikaona mume wangu anarudi.

Duka lilikuwa kwenye uchochoro, limejaa maboksi mpaka mlangoni. Mwenyewe aliitwa Pyo, mtu mwenye kipara na kizibao cha pamba, anayeongea bila kupumua.

"Nyumba yenu au ya kupanga?"

"Ya kupanga," nikasema.

"Basi ukuta ni wa mwenye nyumba, hakuna kupiga msumari. Spika za nyuma mtaziweka kwenye stendi. Waya mtaubandika pembezoni mwa ukuta kwa hii gundi, siku ya kuhama unaibandua na karatasi ya ukutani haichaniki. Na usije ukapitisha waya chini ya zulia la plastiki, mama. Mabomba ya chini ya sakafu yakipashwa moto wakati wa baridi, waya unaungua."

"Kwani zisizo na waya si rahisi zaidi?"

"Rahisi, ndiyo. Halafu jengo zima lina intaneti, sauti inakatika mwigizaji akiwa anakata roho. Kanunueni hizo muone. Waya hausaliti."

Nilicheka. Baba Narae hakucheka, alikuwa ameinama mbele ya sabufa kubwa kuliko zote, ameweka kiganja juu yake kama mtu anayempima ng'ombe.

"Hii inashuka mpaka besi ya chini kabisa?"

"Hiyo huisikii, bosi, unaihisi tumboni. Lakini kwa nyumba ya kupanga chukua hii ndogo. Jirani wa chini atakutoa roho."

"Wa chini hana neno. Nataka hii. Nikiigeuza ikatazama juu, itafanya kazi?"

Pyo akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Bosi, niambie tu. Ni ya sakafuni au ya darini?"

"Ya darini!" Nikaangua kicheko. "Sasa nani anaangalia sinema darini?"

Hakuna aliyecheka na mimi.

"Mama," Pyo akasema, na sauti yake ikawa ya mtu wa msibani, "wanakuja kila wiki. Wanaikandamiza kwenye dari kwa fimbo ya chuma, wanaweka sauti ya mtoto analia, au ngoma, wanafunga mlango na kwenda zao kazini. Wengine wananiuliza mpaka sauti ipi inaudhi zaidi. Mimi nauza tu."

Nilihisi aibu ikinipanda usoni, nikakumbuka ile rangi ya mdomo.

"Kumbe ndiyo sinema yako hiyo?" nikamwambia mume wangu. "Umenipambisha nije nikusaidie kubeba silaha?"

"Punguza sauti."

"Nipunguze nini? Si ndicho tulichofuata, sauti?"

"Wewe unalala, Mama Narae," akasema. "Unalala na kukoroma. Hujui." Akanisogelea ili Pyo asisikie. "Afadhali nimpigie hii kuliko nipande ngazi."

Hapo nikaelewa kwamba pipa la mchele halikunisaidia kitu. Alikuwa amekwisha kufikiria yote, na sabufa ndiyo ilikuwa upole wake. Niliogopa sana. Nikamwambia sawa, tununue, sabufa kubwa na spika zote na waya. Ila sabufa ikae ndani ya boksi mpaka nipande mimi kwanza, nizungumze na huyo mtu kistaarabu.

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa, hiyo fimbo nitakushikia mwenyewe."

Akakubali. Pyo alitufungia mzigo, akatuongezea gundi ya bure.

Shule zilikuwa zimefunga, kwa hiyo kesho yake asubuhi nilikuwa nyumbani. Nilinunua keki za mchele zenye maharage mekundu, nikazipanga kwenye sahani, nikapanda. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nilipobonyeza kengele, kishindo kile kile kikaanza kunijia: ko, kinaburuzwa, ko, kinaburuzwa. Mlango ukafunguka baada ya muda mrefu.

Alikuwa bibi mdogo wa umbo, ameng'ang'ania fremu ya chuma, ile ya kujishikilia wakati wa kutembea. Upande mmoja wa uso umelegea. Jasho linamtoka, na nje theluji.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Mimi wa chini."

"Marahaba, mwanangu! Ingia, ingia. Keki! Mimi ndiye niliyehamia, na wewe ndiye unayeleta keki. Aibu gani hii." Akacheka kwa upande wa mdomo uliobaki. "Ningepita kuwasalimu, ngazi ndiyo adui yangu. Nilipigwa na kiharusi kiangazi. Nafanya mazoezi. Mwanangu amesema kufikia mwaka mpya wa kalenda ya mwezi nikiweza kwenda chooni bila kushikwa, nitabaki hapa. Nisipoweza, hospitali ya wazee. Umeshaiona ile? Wanawafunga nepi hata wenye akili zao."

"Utaweza, mama."

"Asubuhi tu ndiyo huu mguu unanisikia. Ikifika mchana umekuwa gogo. Sasa asubuhi siuachi upumzike. Nikisikia kugongwa huko chini, mwanangu anasema ni mabomba, hakuna mtu saa hizi, wote mko kazini. Kweli?"

"Kweli," nikasema.

"Na mzee wako mwite basi naye nimsalimu siku moja. Anapenda keki?"

"Anapenda. Atazikuta akiamka."

Lilinitoka hivyo hivyo. Bibi alinitazama. Nikaona jicho lake zima likienda kwenye sahani, likaenda kwenye saa ya ukutani, likashuka sakafuni.

"Anafanya kazi usiku," akasema.

"Ana usingizi mzito, mama. Hata tetemeko halimwamshi. Hatusikii kitu, naapa."

"Eh," akasema bibi. "Vizuri basi." Akanisindikiza mpaka mlangoni akiinyanyua ile fremu hewani na kuishusha polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

Nilimweleza Baba Narae kila kitu, isipokuwa ule ulimi wangu ulioteleza. Aliketi kitandani mikono katikati ya magoti. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mimi?" Lakini hakuligusa boksi siku ile, wala hakutukana.

Asubuhi iliyofuata alilala chali, nami nikakaa sebuleni nimekunja ngumi. Hakikuja kishindo. Na siku ya pili hakikuja. Ya tatu nilisikia sauti ya ajabu chumbani, nikakimbia, nikakuta mume wangu anakoroma.

Nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi mno. Nikajiambia mwanawe kamtandikia mazulia, au kaivisha soksi ile fremu. Wangeweza, si ndiyo? Ningepanda kuuliza, na kila siku nilisema kesho. Baba Narae akaanza kunenepa mashavu. Bosi wake akamrudishia mashine. Akawa ananitania mezani, "Keki zile ulitia nini, mke wangu? Sumu?" Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Kisu kikarudi jikoni.

Baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi mtu akagonga. Ilikuwa asubuhi, Baba Narae amelala. Mlangoni alisimama mwanamume mwenye tai na viatu vya kazi, ameshika sahani yangu kwa mikono miwili, imejaa matunda makavu. Akainama mpaka nikaona utosi wake.

"Mimi mtoto wa mama wa juu. Alisema nisiirudishe tupu, na niwaombe radhi kwa usumbufu wote."

"Usumbufu gani? Mama hajambo?"

"Tumempeleka hospitali ya wazee." Alisema akiitazama sahani. "Alikataa kutembea asubuhi. Alikuwa anakaa tu kitini. Nikamwuliza kwa nini, akasema baba wa chini anafanya kazi usiku, asipolala anaweza kuua mtu kazini. Nikamwambia basi tufanye jioni nikirudi. Jioni mguu haukubali, na mimi nikirudi nimechoka, nakuwa mkali. Siku nyingine hatukufanya. Mguu ukakakamaa kabisa." Akainama tena. "Samahanini sana, dada. Hamkusema hata neno."

Mimi ndiye niliyepaswa kulala kifudifudi kwenye ngazi zile, na yeye ndiye aliyekuwa akiniomba radhi. Nilitaka kumwambia kila kitu. Nikasema, "Mpe pole mama." Ndiyo maneno niliyoyapata, pole. Nikafunga mlango, nikasimama gizani na ile sahani mpaka mikono ikaniuma.

Sikumwambia Baba Narae. Aliamka mchana na furaha zake, akasema leo ndiyo leo, hana zamu, atafunga spika. Akatoa zile za mbele, akasimamisha za nyuma kwenye stendi, akabandika waya pembezoni mwa ukuta kwa gundi ya Pyo, taratibu, asiharibu karatasi ya mwenye nyumba. Alipiga mluzi muda wote. Sabufa akaiweka sakafuni, kona ya runinga, kama watu wote wanavyoiweka. Akachagua sinema ya vita.

"Mama Narae, njoo ukae hapa katikati. Sikiliza, wanapita nyuma yako!"

Ni kweli, walipita nyuma yangu. Farasi wakatoka kulia wakaenda kushoto, mishale ikavuma juu ya vichwa vyetu. Mizinga ilipoanza, vikombe vikatetemeka kabatini na mimi nikaihisi tumboni, kama Pyo alivyosema. Niligeuka kumtazama mume wangu. Alikuwa amelala. Mdomo wazi, kichwa kimeangukia mto, na jeshi zima linamkanyaga.

Mtu ambaye mguu wa bibi mmoja ulimnyima usingizi. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nikamchukia, kisha nikajichukia mimi zaidi, maana nilijua nani aliyepanda na sahani.

Nikazima. Chumba kikanyamaza ghafla, na kimya kile ndicho kilichomwamsha. Alifumbua macho, akayapeleka moja kwa moja darini, akashika pumzi asikilize.

"Anatembea?" akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Hatembei tena."

Akashusha pumzi, akavuta blanketi mpaka kidevuni, akalala.